Mwenye Alama Nyingi

Hosteli ya Wanachuo,
Dodoma.
18 Agosti 2024

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii inawakuta wazima hapo Unyambwa, wewe na Dina na kuku wako. Mimi mwili ni mzima, ila moyo umechoka. Macho yanaendeleaje? Yule daktari wa mtoto wa jicho akirudi, tafadhali usimkimbie tena. Dumu la mafuta ya alizeti limefika. Lilivuja kidogo kwenye basi, na kondakta amenigombeza utadhani nililifunga mimi.

Najua majirani wakikuuliza nasomea nini huku, unawaambia nasomea ubishi, halafu mnacheka. Chekeni tu. Ni shahada ya pili ya mambo ya midahalo, namna ya kuifundisha na kuiamua, na ningekuwa nimeshaimaliza kama si Dokta Mathayo anayenisimamia. Mama, huyu mzee ananimaliza! Sura ya nne ya tasnifu yangu ameirudisha mara tatu. Mara ya kwanza nikasema labda amesoma haraka haraka. Mara ya pili nikahangaika na nukta na mikato yote. Mara ya tatu ameandika swali lilelile, kwa wino mwekundu, pembeni mwa jedwali: kwa nini mwenye alama nyingi ameshindwa? Nilitoka ofisini kwake nikabamiza mlango. Ulikuwa ukisema nina hasira za marehemu baba, sasa nimeamini. Wenzangu wanashona nguo za mahafali, mimi nazungushwa na mstari mmoja.

Mstari wenyewe ni wa ule mdahalo wa Ikungi, mwezi wa tatu. Nilikwenda kama mtafiti tu, na kinasa sauti changu. Jaji wa tatu hakutokea, basi Mwalimu Joshua aliyeuandaa akaniomba nishike nafasi yake. Nikamweleza kwamba mmoja wa wasemaji ni mdogo wangu wa tumbo moja. Akasema watu wameshakaa, saa zinakwenda, mwingine hakuna, na mtu aliyesomea kazi hii hawezi kupendelea. Nikakaa.

Mada ilikuwa kama mkulima wa alizeti auze mbegu au akamue mafuta mwenyewe. Dina alitetea kukamua. Ungemsikia, Mama! Alisimama bila karatasi, akaeleza habari zako, jinsi unavyonusa mashudu ukajua kama mashine imekamua vizuri au imekuibia. Ile sauti yake ya kuitia mbuzi ng'ambo ya bonde ikafika mpaka kwa wauza maandazi nje ya ukumbi. Watu walicheka, kisha wakasogeza viti mbele wamsikilize. Majaji wenzangu wakagawanyika, mmoja huku, mmoja kule. Ikabaki karatasi yangu.

Mama, ulichoambiwa ni kwamba Dina alishindwa. Hakushindwa. Kwenye karatasi nilimpa alama nyingi kuliko wote. Halafu nikainua macho, nikaona wazazi wa upande wa pili wananitazama. Walishajua sisi ni ndugu, na mmoja alisema, tena bila kujificha, kwamba matokeo yanajulikana. Nikaogopa. Nikatangaza ushindi kwa wale wengine.

Hilo peke yake labda ningelibeba. Lakini taratibu zetu zinamtaka jaji asimame aeleze sababu, na mimi sababu sikuwa nayo. Nikatunga. Nikasema mbele ya ukumbi mzima kwamba msemaji yule ana sauti ya kupayuka, kwamba mdahalo si ugomvi wa kisimani, ajifunze kusema taratibu kama msomi. Dina akaitikia kwa kichwa, akaandika kwenye daftari.

Tangu hapo umekuwa ukiniambia kwamba mtoto ametulia, anaongea polepole, amekua. Mama, hajakua. Ananitii mimi. Mwezi wa sita shule yake imemwondoa kwenye timu kwa sababu hasikiki. Nimepiga simu mara nne nikueleze, nikaishia kuuliza habari za kuku. Msomi wa kusema huyo!

Dokta Mathayo ameniambia kama sina jibu niuondoe mdahalo ule kwenye jedwali, nihitimu Novemba na wenzangu. Jana nimempelekea jibu. Nimeandika kwamba jaji nilikuwa mimi na niliogopa. Huenda nikarudia utafiti mwaka mzima. Nisamehe, najua umeshaalika watu.

Nilifikiri kumwomba mtu mwingine akusomee barua hii. Nikaona huo ni woga uleule. Dina, mdogo wangu, najua ni wewe unayesoma, na najua hapa umeshaanza kunong'ona. Sauti yako haina kosa lolote. Kosa nililitunga mimi. Aliyeshinda Ikungi ni wewe. Mama hajasikia vizuri, mrudie hayo maneno, kwa sauti ile ya mbuzi, mpaka jirani Dorkas aje mbio kuuliza kuna nini.

Mpeni Dorkas salamu zangu akifika. Kama mna hasira, msinijibu upesi, nitangoja. Dumu nitalirudisha kwa kondakta mwingine.

Ni mimi mwanao, na dada yako niliyekukosea,

Yunisi