Mota ya Shemeji Imevuta

Mkuyuni, Jumanne

Na imevuta! Ile mota ya mashine ya kusaga ya shemeji Kabula, aliyoinunua kiwanda cha nguo kilipouzwa, leo imesaga mahindi yote. Wiki nzima ilikuwa inameza umeme, inachemka na kukwama, wateja wakahamia kwenye mashine ya dizeli.

Asubuhi akaniambia, "Shemeji, kesho naiuza chuma chakavu, nifunge mashine."

"Ngoja daktari wake aiguse," nikamjibu.

"Daktari gani? Si ulikimbia darasa la sita?"

Mota yenyewe ya ajabu. Rota, ile sehemu ya katikati inayozunguka, ni chuma kitupu chenye meno, haina hata waya. Koili, ule waya uliosokotwa pembeni yake, inavuta jino, kisha umeme unahamia koili ya pili. Nikaona umeme unachelewa, jino limeshakaribia kufika ndipo linavutwa. Nikazungusha kidogo kile kisahani kinachoamuru umeme uingie lini, ili uwahi. Ikanguruma kama fahali wa Magu, na haikuchemka tena!

Nimewatangazia wote kwamba nilisomea Ujerumani. Ila ningekosea, shemeji angefunga mashine.

Jioni akanipakulia ugali wa unga uliosagwa na mota ileile.

"Kula, Mjerumani."

Nimekula sahani mbili.