Mikono Niliyomkunjia Madamu

Jumanne, Septemba. Joto limeanza kabla hata ya saa mbili, na moshi wa mashamba yanayochomwa umetanda juu ya Ziwa Mweru mpaka ng'ambo haionekani. Siku kama hizi siipendi Nchelenge hata kidogo.

Niseme tu ukweli, shajara: leo nimefukuzwa darasani.

Unajua asubuhi zangu zilivyo. Naamka moyo ukienda mbio, na bado sijafanya kosa lolote. Navaa sare, naivua, naivaa tena. Njiani najibu kimoyomoyo maswali ambayo hakuna aliyeniuliza. Niko gredi ya kumi na mbili, mitihani ya mwisho iko mlangoni, na mimi bado naogopa kuitwa jina.

Leo nikaitwa. Madamu wa baiolojia alitaka nisimame mbele nieleze kazi ya figo. Figo nazijua! Jana nilimweleza shangazi ninayekaa kwake habari za figo mpaka akaniomba nimwache apike. Lakini nilipofika mbele, sauti ikagoma. Nikafanya kile ambacho mwili wangu hufanya wenyewe: nikakunja mikono kifuani, nikainamisha macho.

Kwetu Pweto, upande wa Kongo, hiyo ndiyo adabu mbele ya mwalimu. Darasa la tatu nilifundishwa na baba yangu mwenyewe. Akisema "Bras croisés!" sote tulikunja mikono, na nilijiona nimekaa mahali salama. Huku Zambia mtoto mwenye heshima hupiga goti na kupiga makofi taratibu. Anayekunja mikono anatafuta ugomvi. Hilo nalijua, miaka yote hii nimelijua, ila nikishikwa na hofu mwili unarudi Pweto bila kuniaga.

"Unanikunjia mikono, mimi ni mke mwenzio?" Madamu aliniuliza kwa Kibemba. Darasa likaangua kicheko. Nilitaka kueleza, lakini halikutoka neno, si la Kibemba wala la Kiingereza. Akaniambia nitoke, na nisirudi bila mzazi.

Mzazi.

Mama yuko Mantapala, kwenye makazi ya wakimbizi, anapalilia mihogo, na Kibemba chake kinaishia kwenye bei ya mafuta ya kupikia. Anayejua kuongea na walimu ni baba. Na baba alirudi Pweto mwaka jana kufundisha, akatuambia ni muhula mmoja tu.

Nikaenda ufukweni kwa shangazi, ambaye hununua samaki wa wavuvi wa kisiwa cha Chisenga. Alinisikiliza huku akianika chisense, vile vidagaa vyetu, juani.

"Ule madamu hayue tu adabu yetu," alisema. "Kesho tutaenda bote. Lakini weye njo utasema. Miye nitasimama pale."

Nilitaka kumkumbatia, na papo hapo nilitaka kumkatalia. Kusema ndiko kunakonishinda!

Kisha nikampigia baba. Simu za ng'ambo mara nyingi hazishiki, lakini leo ikashika. Sauti yake! Ilikuwa na kikohozi ambacho sikijui.

"Unasomaka muzuri, mama?" aliuliza. Ananiita mama tangu nikiwa mdogo, kwa kuwa nina jina la mama yake.

"Sana, papa," nikajibu.

Laini ikakatika. Nilikaa pale mchangani na simu mkononi, nikalia zaidi kwa uongo ule kuliko nilivyolia kwa kufukuzwa. Shangazi aliniona, akaendelea kuanika samaki, na namshukuru kwa hilo.

Nina hamu nawe, papa. Nina hamu na mahali ambapo mtu akinitazama tu anajua kwamba naogopa, simdharau. Sisomi vizuri. Najua majibu, lakini kila siku naogopa, na kwenye simu nimeshindwa kukuambia.

Kesho nitaingia kwa madamu, shangazi akiwa nyuma yangu, nimwambie kwamba ile ilikuwa heshima. Nikikwama nitaanza upya. Akinirudisha darasani au asinirudishe, nikitoka pale nitakupigia nikuambie ukweli wote.

Na usipopokea, nitajiambia ni mtandao tu.