Mfarume wa Gakindu

Mpendwa Baba Wangari,

Nimetoka hospitali ya Othaya. Nimonia imepungua, ila daktari amenikataza jembe mpaka nipate nguvu. Huku Gakindu baridi ya Julai haijaondoka. Ukungu unakaa kwenye mibuni kutwa, na kutoka kitandani sioni hata kaburi lako.

Wangari wetu aliniletea vitabu vyako viwili. Nilianza na kile cha kufuga kuku, nilichokuwa nakidharau. Sasa nakiona ni kitabu cha faraja: kila kuku anayekufa mle ametajiwa sababu.

Kisha nikafungua ile hadithi ya mfalme aliyepotea msituni, uliyoinunua Karatina mwaka wa Uhuru. Unakumbuka ulivyokuwa ukinisomea jioni, nikimenya viazi? "Mfarume akarara chini ya mti," nami, niliyefunzwa na mwalimu wa misheni, nakukatiza: "Ni mfalme. Akalala."

Hukuinua hata macho. "Huyo wako ni wa Mombasa. Huyu ni wa Gakindu."

Nilisoma kimya, na sauti niliyoisikia ilikuwa yako. Kila mfalme alikuwa mfarume. Nilifurahi hata nikasahau dawa. Tukaenda hivyo mimi na wewe mpaka ukurasa ulioukunja kona, ulipofikia wiki uliyougua. Huko mbele hukuwahi kusoma. Nikijua sauti itakomea hapo, nilikawia kufunua.

Nikafunua. Sauti ikaendelea.

Ilikuwa yako, na ule mkwaruzo wa koo lako. Lakini ilisema "mfalme". Ikasema "akalala", safi kabisa, kama mtu asiyetoka kwetu.

Nikafunga kitabu. Wangari akaita kutoka jikoni: "Mama, uko na nani huko? Niweke chai ya watu wawili?"

Mdomo wangu ulikuwa umefungwa muda wote.

Nikamwambia aweke ya mmoja. Tangu hapo kitabu kiko chini ya mto, nami nalala nikikisikiliza.

Wewe sikuogopi. Naogopa kumkaribisha mwingine aliyevaa sauti yako. Lakini ikiwa ni wewe, nami nisikifungue tena, nitakuwa nimekufungia mlango wa nyumba yako mwenyewe.

Kesho Wangari akienda sokoni, nitarudi kwenye kona ile na kufunua. Kama ni wewe, tafadhali, kosea.

Mkeo,
Mama Wangari