Nilimchunguza mama mkwe

Shoga, leo nimeumbuka!

Unakumbuka nilidhani saikolojia ni kusoma mioyo ya watu? Mwaka wa kwanza ni takwimu tupu, na zoezi la kumchunguza mtu saa nzima bila yeye kujua. Nikamchagua mama mkwe.

Daftari nikalisahau mezani. MEZANI!

Narudi namkuta kavaa miwani, anasoma kwa sauti: "Mhusika ameguna mara kumi na moja."

Kumi na moja, shoga!

Nikajua masomo basi tena, maana jioni mwanangu nitamwachia nani?

Akasema, "Mara mbili nilikuwa nakohoa, rekebisha. Na uandike kuwa mhusika ndiye anayebaki na mtoto ukienda darasani."

Nimeandika. Sasa anauliza kapata alama ngapi.