Nyamai Anaulizwa Tena

Jumatatu, 2 Juni 2025

Susu, nyanya yake mwanangu, ameletwa jana. Mume wangu Kyule alimtoa kwao Kyuso asubuhi, wakafika hapa mjini Wote jua linazama — yeye, godoro lake, kuku wawili na gunia la ndengu. Jiko lake kule limeungua nusu. Aliacha sufuria motoni akaenda zake shambani. Mama mkwe ndani ya nyumba ya vyumba viwili, na darasa langu liko sebuleni! Haya. Ni mama yake Kyule, na hana mtu mwingine wa kumwangalia.

Leo hesabu, kugawanya. Mwalimu mmoja, mwanafunzi mmoja, na sasa mkaguzi yuko kwenye kochi anachagua mawe kwenye ndengu. Nimemfundisha mwanangu nyumbani tangu tulipokuwa Nairobi, tangu zile asubuhi alikuwa anatapika akisikia tu honi ya basi la shule. Sasa ana miaka minane na anasoma vizuri kuliko watoto wa jirani. Wamama wa kanisa hapa bado wananiuliza kama alifukuzwa.

Susu alimwangalia muda mrefu. Halafu akamwambia kwa Kikamba, "Mume wangu, umekula?" Tukacheka wote. Ndiyo desturi yetu, mvulana wa kwanza huchukua jina la babu yake, na nyanya humtania kama bwana yake. Mzee aliitwa Nyamai, na mtoto ni Nyamai. Mimi jina hilo silitaji. Ni la baba mkwe, kulitaja ni kukosa heshima. Mwanangu namwita Baba. Hapa kwenye daftari ndipo ninaliandika, na hata hapa mkono unasita kidogo.

Alhamisi, 5 Juni

Siyo utani tena. Leo alimuuliza Nyamai kwa nini amechelewa kutoka sokoni, na yule ng'ombe dume mwekundu amemuuza kwa nani. Mtoto akasema, Susu, mimi sijaenda soko, mimi ninasoma. Basi mama wa watu akalia. Machozi kabisa! Hesabu za sehemu tulizokuwa tunafanya zikaishia hapo.

Nikamvuta Nyamai jikoni. Nikamwambia, akikuuliza mjibu tu, sema ndiyo, tunacheza. Akarudi, akasema dume ameuzwa Kyuso kwa mtu wa Mwingi. Susu akapangusa macho, akarudi kwa ndengu zake. Tukamaliza ukurasa mzima. Nilijisifu, mwalimu mimi!

Jumanne, 10 Juni

Mchezo umekolea. Susu anakula vizuri, hazunguki tena mlangoni kutafuta njia ya kwenda Kyuso. Anauliza, Nyamai anajibu. Mvua imeonekana upande gani? Upande wa kule. Paa umerekebisha? Kesho. Kyule alirudi kazini akawakuta hivyo, akanicheka, eti mwalimu siku hizi unafundisha drama.

Kitu kimoja tu. Kabla ya chakula cha mchana nilimsikia mtoto akimwambia, "Mbithe, kaa vizuri, utaanguka." Mbithe ndilo jina lake, lakini ni nani humwita hivyo hapa? Kyule anamwita Mama, mimi namwita Susu kama mtoto. Labda alisoma kitambulisho. Labda.

Jumatano, 11 Juni

Imla. Nimefika sentensi ya tatu Susu akaweka ungo chini.

"Nyamai. Ndunge ulimwacha wapi?"

Mtoto akaniangalia. Mimi Ndunge simjui. Nikatikisa kichwa, kumaanisha aachane nayo. Susu akauliza tena, pole pole, sauti laini kama ya mtu anayebembeleza. Angekuwa amefoka ingekuwa afadhali.

Kyule aliporudi nilimuuliza. Akazima TV. Ndunge ni dada yake, alimtangulia, hakuwahi kumwona. Ile njaa ya themanini na nne, ng'ombe wote wamekwisha, mzee alimshika mkono akaenda naye kaskazini, Tseikuru, kwa watu waliokuwa na maziwa. Alikuwa na miaka kama mitano. Mzee akarudi peke yake. Mvua iliponyesha alienda kumchukua, akarudi tena peke yake. Akasema ni homa. Basi. Hakuna aliyeonyeshwa kaburi, na jina hilo halikutajwa tena nyumbani kwao. Amenifichaje kitu kama hiki miaka yote ya ndoa! Anasema hakunificha, hakuna mtu alimuuliza.

Jumatatu, 16 Juni

Kila siku sasa. Katikati ya hesabu, katikati ya uji. Ndunge ulimwacha wapi? Nyamai akisema sijui, anamwambia, "Unajua." Mtoto hali vizuri. Nimewatenganisha, nimehamisha meza chumbani, nikafunga mlango. Susu akaketi nje ya mlango, akawa anauliza kupitia tundu la kitasa.

Halafu mtoto mwenyewe akanyanyuka kumfungulia. Nikapandwa na hasira, nikapiga kelele, "Nyamai! Rudi hapa!"

Limenitoka. Jina la baba mkwe, mbele ya mke wake! Susu akafunika mdomo na leso. Naye mtoto akageuka, akarudi taratibu, mikono nyuma, kichwa kimeinama kidogo. Mzee alikuwa anatembea hivyo. Nilimwona mara chache tu kabla hajafa lakini hivyo nakumbuka. Sijui, watoto hutembea vyovyote wapendavyo.

Nimemwambia Kyule tumpeleke shule. Mimi! Niliyegombana na mama yangu mzazi kwa sababu ya shule! Achanganyike na wenzake, apigiwe kelele, achafuke. Kyule amekubali, muhula wa tatu. Tulipomwambia mtoto hakulia wala hakukataa. Aliuliza tu, "Na Mbithe atabaki na nani?"

Alhamisi, 19 Juni

Amejibu.

Nilikuwa nje naanika nguo, dirisha liko wazi. Susu ameuliza vilevile kama kawaida. Nikasikia mwanangu anasema kwa Kikamba safi, Kikamba ambacho hata mimi humfundisha kwa shida:

"Yuko Tseikuru. Kwa watu wa ngamia. Hajafa, Mbithe. Nilimwacha kwa sababu walikuwa na maziwa."

Mara vigelegele! Mama wa miaka sabini na kitu anapiga vigelegele kwenye kochi langu. Niliingia mbio na shati limelowa mkononi. Nimemkuta amemshika mtoto uso kwa mikono miwili, anacheka, ananiita nije nisikie.

Nilimpeleka Nyamai pembeni. Ni nani alikuambia? Hakuna. Ulisikia baba yako akiniambia? Nilisikia kidogo. Na ngamia, Kyule alisema ngamia? Maana mimi nilikuwepo, na Kyule hakutaja ngamia. Mtoto akakuna mguu. "Sijui, Mama. Ilikuja tu. Nilitaka anyamaze."

Ni mtoto. Watoto wana akili ya kubuni. Kaskazini kuna ngamia, nilimfundisha mwenyewe kwenye somo la mazingira. Nimejiambia hivyo mchana kutwa.

Jumapili, 22 Juni

Aibu na furaha kwa pamoja. Wakati wa ushuhuda Susu alisimama, Bwana asifiwe, akatangaza kwamba mtoto wake anakuja nyumbani, mume wake amekubali kusema aliko. Kanisa zima likapiga makofi. Wamama wakaimba. Kyule alikuwa anaangalia viatu vyake. Tukiwa nyumbani Susu akatoa leso yake nzuri, ile ya maua, akaikata kwa mkasi wa darasani. Anashona gauni. Dogo hivi, la mtoto wa miaka mitano.

Kyule alisema hii imalizwe leo. Akampigia Mzee Kaloki wa Tseikuru, rafiki wa baba yake wa tangu ujana, ili aseme kwa kinywa chake kwamba msichana alikufa, na Susu asikie. Mtoto nilimtuma nje alishe kuku. Simu tukaiweka loud.

Kyule akamwambia Susu anadai msichana yuko hai, kwa watu wa ngamia. Kaloki akauliza: "Ni nani amewaambia? Hayo tulijua wawili tu, mimi na Nyamai."

Akasema yote. Msichana aliachwa kwa Dirie, mfanyabiashara wa ngamia na mbuzi, watu wazuri. Mvua iliponyesha mzee alirudi kweli kumchukua. Kaloki alikuwa naye. Walisimama kwenye miti, mbali kidogo. Mtoto alikuwa amenenepa, amekaa mapajani mwa mke wa Dirie anakunywa maziwa. Nyumbani hakukuwa na mbuzi hata mmoja. Mzee akasimama, akasimama, halafu akageuka. Njiani ndipo alimwambia Kaloki kwamba atasema ni homa.

Kyule alitoka nje bila viatu. Mimi nikabaki na simu mkononi. Susu hakuwa anasikiliza hata, alikuwa anatafuta uzi.

Alhamisi, 26 Juni

Yuko hai. Yuko Garissa, siku hizi anaitwa Ambiyo. Kaloki alimpata Mohamedamin, mtoto wa Dirie, naye akatoa namba. Kyule aliongea naye leo. Anasema mama huyo alisikiliza bila kumkatiza, Kiswahili chake kizuri. Akauliza swali moja, kama yule mwanaume bado anaishi. Kyule akasema alikufa miaka kumi iliyopita. Simu ikakatwa! Baadaye ujumbe ukaja: Nitakuja Jumamosi ya wiki ijayo.

Kyule anatembea kama amepewa dawa. Dada! Ana dada! Mimi namfurahia, Mungu anajua. Lakini macho yangu yako kwa mwanangu. Masomo yamesimama. Anakaa na Susu asubuhi mpaka jioni, magoti yamegusana, anaulizwa habari za mtoto naye anamwelezea. Kwamba amejifunza kukamua. Kwamba anaogopa radi. Nimemwambia mchezo umeisha, Baba, hapana tena, umefanya vizuri, sasa basi.

Akaniambia, "Siwezi, Mama. Ananingoja."

Nimeogopa. Naandika hivyohivyo, nimeogopa mtoto wangu, na nimeogopa kwa ajili yake. Mimi ndiye nilimwambia ajibu.

Jumamosi, 5 Julai

Niko jikoni. Naandika nimesimama, chai inachemka. Wako sebuleni wote.

Ambiyo alifika saa tano. Mrefu, amevaa nguo nyeusi mpaka chini, na paji la uso ni la Kyule, limekatwa likabandikwa! Hakuna aliyehitaji kuuliza. Kyule alimpokea getini, akabeba tu mkoba wake. Amekuja na dumu dogo la maziwa ya ngamia. Hakulia. Aliingia kama mtu anayeingia ofisini, akakaa pale alipoonyeshwa.

Susu akampa mkono vizuri sana, karibu mgeni, karibu. Akaangalia nyuma yake, mlangoni. Akangoja. Gauni liko mapajani, amelipiga pasi. Kyule akapiga magoti akamwambia, Mama, ndiye huyu, ni Ndunge. Susu akatabasamu kwa adabu kama vile ameletewa mtu wa kuuza sufuria. Kisha akamgeukia mwanangu.

"Nyamai, huyu ni mtu mzima. Mtoto yuko wapi?"

Kikamba Ambiyo hakijui tena. Lakini jina alilisikia. Nilimwona linavyompiga. Akageuka pole pole, akamtazama mwanangu aliyekaa kwenye kiti, miguu haifiki chini.

"Huyu ndiye Nyamai?"

Kyule akaanza kueleza, ni jina tu, ni desturi ya Wakamba, huyu ni mtoto wangu. Hakumsikiliza. Alitoka kwenye kochi akakaa chini, kwenye mkeka, mbele ya miguu ya mtoto. Mama wa miaka arobaini na kitu!

"Mbona ulinigeuka?" alimuuliza kwa Kiswahili. "Nilikuona. Mlisimama kwenye miti, wewe na mwingine. Nilikuona nikangoja uniite."

Nilitaka kumnyanyua mtoto, kumtoa pale. Kyule ameshika ukuta. Na Nyamai akavuta pumzi, kama anavyovuta nikimwita asome kwa sauti.

"Ulikuwa unakunywa maziwa," akasema. "Nisamehe."

Hayo hakuambiwa. Siku ile alikuwa nje na kuku, nilimwona mwenyewe kupitia dirishani. Au alisikia. Loud ilikuwa juu. Sijui! Sitaki kujua.

Ambiyo alilaza kichwa kwenye magoti yake. Sijawahi kusikia mtu mzima akilia hivyo. Mkono mmoja wa mtoto ameushika yeye. Mwingine ameushika Susu, anautikisa, anauliza, mtoto yuko wapi, Nyamai, uliniahidi, mtoto yuko wapi. Na mwanangu katikati yao, mgongo umenyooka, hajui amwangalie nani. Akaniangalia mimi.

"Mama," akasema. Sauti yake ya kawaida, ile ya siku zote. "Kipindi kimeisha? Naweza kwenda kucheza?"

Nilimwambia nakuja, niangalie chai kwanza. Nikakimbilia huku. Chai imeiva, vikombe viko kwenye sinia, na bado nimesimama hapa naandika. Nikimwambia ndiyo, atawaachaje? Nikimwambia bado, nimekuwa mama gani? Kutoka hapa namwona. Susu hajamwachilia mkono. Ambiyo hajainua kichwa.

Ananiita tena.