Mikono Isiyonawishwa

Jumanne, 10 Januari

Sijamwambia mtu. Naandika hapa labda nitapata usingizi: Bibi hakuninawisha mikono.

Wote wanaamini alininawisha. Kisiwa kizima! Siku aliyokuwa anakata roho nilikuwa naye peke yangu chumbani, bakuli la maji ya gome kando ya mkeka, kama alivyoagiza mwenyewe. Nikaitia mikono yangu kwanza. Nikangoja atie yake, anisugue vidole ndani ya maji, kama mama yake alivyomsugua yeye. Ndivyo dawa inavyohama hapa kwetu — kutoka mikono hadi mikono. Bila hivyo gome ni kuni tu.

Akanitazama. Kisha akairudisha mikono yake chini ya shuka.

Nilidhani anapumzika. Hakuitoa tena.

Shangazi Siu akaingia, akaona mikono yangu inachuruzika. "Amekupa?" Watu wamejaa mlangoni. Nikaitikia kwa kichwa. Neno sikusema — kichwa tu. Lakini Shangazi tayari alikuwa analia na kunibusu vidole.

Tangu mazishi nimeletewa watoto watatu wenye vidonda vya mdomo. Nafanya nilivyomwona Bibi akifanya tangu nikiwa mdogo. Naenda kwenye mkungu wa makaburini, naukwangua upande wa mawio. Ganda la juu lililokufa natupa. Nachukua lile jekundu la ndani, nalifunga kwenye kilifu cha mnazi, naloweka, nakamua. Maji yanakuwa rangi ya chai. Kitambaa safi kidoleni, nasugua ulimi na ufizi. Mtoto anakunja uso — chachu!

Wawili wamepona. Wa tatu sijasikia.

Labda wangepona tu. Labda gome halihitaji mikono ya mtu. Naogopa kujua.

Alhamisi, 12 Januari

Leo ni Pisila.

Mtoto wa dada yangu Seluvaia, wa kwanza. Baba yake hajamwona hata mara moja, yuko New Zealand anachuma tufaha. Ulimi mweupe kama ameramba chokaa. Ananyonya kidogo, anaacha, analia.

Dada hana wasiwasi. "Bahati yangu! Wenzangu wanavuka kijiji kumtafuta mganga, mimi wangu nalala naye mkeka mmoja. Wala sikupi hata kiazi."

Jirani Lose alikuwa anapita na kapu la magimbi, akadakia: "Mganga gani huyo? Hata salamu haitoki mdomoni. Ajitibu mwenyewe kwanza!"

Wakacheka. Nikacheka pia, kwa adabu.

Nilitaka kusema: dada, panda boti umpeleke Pangai, hospitalini. Nesi wetu alikwenda likizo ya Krismasi, bado hajarudi. Boti ya Sefo inakwenda Jumatatu na Alhamisi. Leo Alhamisi! Niliisikia injini nikiwa chini ya mkungu na kisu mkononi. Nikaendelea kukwangua.

Nimemsugua asubuhi na jioni. Naomba sana. Naomba nikiwa na aibu, kwa hiyo sijui kama yanafika.

Ijumaa, 13 Januari

Si mzima. Anakataa ziwa. Vidonda vimeshuka hadi kooni, nadhani, maana hata maji yanamtoka pembeni mwa mdomo.

Shangazi Siu amekuja kutazama. Alipoingia, Baba aliteremka kitini, akakaa chini. Kwa Baba, dada yake ni juu ya kila kitu isipokuwa Mungu, na hata hapo sina hakika.

Shangazi akaanza kuhoji. Nani kala pweza ndani ya nyumba? Hakuna. Nani kapita nyuma ya mganga wakati wa kukamua? Hakuna. Akanigeukia.

"Wewe binti, ulikuwa unaongea wakati unakwangua?"

"Shangazi, mimi siongei."

"Hilo kweli," akasema Baba. Hata Seluvaia akacheka. Kicheko chake cha mwisho leo.

"Shule miaka yote ile, na bado unanong'ona kama panya aliyeingia kanisani," Shangazi akasema. Lakini alinishika mikono, akaitia mashavuni mwake. "Mama yangu yuko humu ndani. Sina hofu."

Nikatoka nje.

Jumamosi, 14 Januari

Shangazi amepata jibu. Ni Babu.

Dawa ikigoma na masharti yamefuatwa, basi yuko mtu huko chini anayeumia. Kila mtu analijua hilo. Binamu yake Baba aliumwa kichwa mwaka mzima. Wakafukua kaburi la mama yake, wakakuta mzizi umepenya tundu la jicho. Wakaung'oa. Jioni ile ile akala nguruwe.

Na Babu amelala wapi? Chini ya mkungu wenyewe! Hatua chache tu. "Mzizi umemwingia," Shangazi akasema. "Baba yangu analia huko, ndiyo maana mtoto analia huku." Jumatatu asubuhi watalifungua kaburi. Na mti watauangusha.

Mkungu! Huo huo ambao Bibi aliuchumia majani machanga ya upele, na yale mekundu yaliyoanguka ya kuchemshia wenye kifua. Tuliponda kungu zake juu ya mawe mimi na Seluvaia, tukagombania kiini. Nikasema — hapana, sikusema. Niliwaza.

Seluvaia ndiye aliyesema. Taratibu, macho chini. "Shangazi, na nikimpeleka Pangai Jumatatu? Kaburi lifukuliwe, na mimi niende."

"Sindano? Mikono ya mama yangu iko ndani ya nyumba hii, wewe unataka kwenda kuhangaika kwenye mabenchi ya watu? Unamdhalilisha mdogo wako mbele yake?"

Mdogo wake ni mimi.

Wote wakanitazama. Nikautazama mkeka.

Dada akasema, "Nisamehe, Kalo. Sikuwa na maana hiyo."

Ameniomba msamaha. Yeye — mimi!

Jumapili, 15 Januari

Jumapili hapa hata jogoo anawika kwa woga. Hakuna boti, hakuna kazi, ni kengele tu na moshi wa matanuri. Nilibaki na Pisila ibada ya kwanza ili dada akaimbe. Shangazi alisema akikosa kwaya watu watauliza.

Halii tena. Nilidhani ni nafuu. Nikashukuru, nikapiga magoti kabisa. Halafu nikambadilisha nepi.

Kavu. Ile ya jana jioni nayo ilikuwa kavu. Utosi wake umebonyea — kidole changu kilizama kidogo kama kwenye mchanga uliolowa.

Hapo nikamkumbuka Bibi.

Nilikuwa darasa la tatu au la nne. Mwanamke kutoka upande wa pili wa kisiwa alimleta mtoto, mdomo mweupe vilevile. Bibi hakutazama mdomo. Aliingiza mkono kwenye nepi kwanza. Akaosha mkono, akasema: "Nenda botini." Mwanamke akalia, akamwambia ana majivuno, anachagua wagonjwa. Bibi akasema, "Gome ni la mdomo. Asiyekojoa si wangu. Nenda sasa hivi." Nilimwonea aibu Bibi siku ile. Nilidhani amemfukuza mgeni.

Wanasema Bibi hakuwahi kushindwa. Bila shaka! Wale ambao angeshindwa aliwapeleka botini. Mimi nimekaa na huyu siku nne namsugua ulimi.

Labda ndiyo maana alirudisha mikono. Aliona kwamba mimi nisingeweza kumfukuza mtu. Au hakuwaza lolote, alikuwa anasikia baridi tu. Sitajua.

Seluvaia aliporudi nilimwita jikoni nje. Nikamwambia. Yote — bakuli, shuka, kichwa. Sauti haikutoka vizuri, akaniambia sema tena. Nikasema tena.

Alinipiga kofi. Sijawahi kupigwa na dada yangu. Kisha akakaa chini juu ya maganda ya nazi na nguo yake nyeupe ya kwaya. Akasema, "Alhamisi boti ilikuwepo."

"Ndiyo."

"Ulikuwa unajua Alhamisi."

"Ndiyo."

Hakuuliza tena. Amesema Shangazi asijue. Akijua atasimama ufukweni apunge kitambaa, na Sefo ni shemeji yake. Atageuza boti hata akiwa katikati ya maji. Boti ikishapita miamba, basi. Huko hasikii wala haoni. Kesho asubuhi wote watakuwa makaburini. Dada atatoka na mtoto kwa mlango wa nyuma.

"Na wewe utabaki," akasema. "Utasema amelala. Kusema uongo unajua."

Tumejaribu kumpa maziwa kwa kijiko. Tone, tone. Mengine yanaingia. Nadhani yanaingia.

Jumatatu, 16 Januari

Naandika upesi. Niko ndani, mlango nimeurudisha.

Dada ametoka kwa nyuma. Nilimfunga Pisila mgongoni mwake kwa mkono wangu. Hakulia. Miguu yake ilikuwa baridi na jua tayari kali. Dada akauliza, "Anapumua?" Nikaweka shavu. Nikasema ndiyo. Ni kweli, ndiyo! Kidogo.

Kisha nikaenda makaburini, nisije nikatafutwa.

Wamefukua. Na mzizi UPO. Niliuona mwenyewe, mnene kama mkono wa mtu, umepita katikati ya mbavu za Babu na kutokea upande wa pili. Wote wakapiga kelele. Shangazi akaanguka juu ya mchanga, "Baba! Baba, tumekuacha hivi!" Baba yangu analia kama mtoto. Wakaukata mzizi, wakaipaka mifupa mafuta ya nazi, wakaifunga kwenye shuka jeupe.

Na mimi — hili nalo sitamwambia mtu — kwa muda pale nikaamini. Nikataka kukimbia ufukweni nimrudishe dada. Miguu ilishaanza kwenda! Nikamwona Baba ananyanyua shoka, na pigo la kwanza likafungua gome, jekundu, bichi, upande ule ule ninaokwangua. Nikasimama. Nepi. Nikajikumbusha nepi.

Vipande vya gome vikaruka. Wanawake wakaanza kuviokota, Lose wa kwanza, anajaza kapu. "Mikono ikiwepo, gome lisipotee!"

Halafu Shangazi akaniita mbele ya wote. "Kalo, mwanangu. Kamlete Pisila. Atapona hapa hapa, babu yake akimwona."

"Amelala, Shangazi."

"Mlete hivyo hivyo."

Kwa hiyo niko hapa. Nimeukunja mto ndani ya blanketi lake. Nimeufunga vizuri, hata kofia nimeuvika. Nimeupakata. Sijui nafanya nini. Injini naisikia — ndiyo ile — lakini bado iko karibu, sauti nzito, bado haijafika kwenye miamba. Sefo anaendesha polepole kama anakwenda harusini! Haraka, haraka.

Vidole vyangu vinanuka gome. Nimeosha kwa sabuni, bado.

Shoka limenyamaza.

"Kalo! Binti wewe, umelala na wewe?" Ni Shangazi. Yuko kwenye njia, namsikia anahema. Wengine nyuma yake. Wanaimba.

Sauti ya injini imekuwa nyembamba kidogo. Kidogo tu.

Bibi, kama unatuona — na yeyote mwingine, kama yuko anayeyaona haya — usimwambie mtu. Si ile habari ya mikono. Hiyo nitaisema mwenyewe, kwa sauti, wote wasikie. Hii ya boti. Nyamaza tu mpaka ipite miamba. Usimwambie mtu. Kitasa kinazunguka, usi