Nyambizi Yangu Wameiziba Ubavu

Elick, wamenizibia nyambizi! Wameiziba!

Ile niliyoanza kuitengeneza mke wangu Deodata alipofariki. Ya mfano, ya vita vya Wajerumani, ubavu mmoja nimeuacha wazi ili watu waone ndani: injini za dizeli za makopo, betri, pampu, mabomba ya mirija ya dripu za marehemu. Hiyo hiyo.

Jana niliiacha ofisini kwa mtendaji wa kata kwa ajili ya maonyesho. Leo nafika nakuta dude la kijani linang'aa. Namuuliza mtendaji, yangu iko wapi? Anacheka. "Mzee wangu, si hiyo? Upande mmoja ulikuwa haujaisha, tumekumalizia."

HAUJAISHA! Wamegongelea bati, Elick. Kwa misumari! Nikamwambia kazi yenyewe iko ndani, umeizika. "Aah baba, acha maneno, mgeni rasmi anaingia."

Mgeni akaigonga kwa kidole kama anachagua tikiti. "Ndani kuna nini?"

Mtendaji akajibu haraka, "Hamna kitu mheshimiwa, ni umbo tu."

Umbo tu! Mimi nimesimama pale pale! Deodata naye zahanati walimwambia hivyo hivyo, hamna kitu mama, rudi nyumbani.

Nikaibeba kichwani nikaondoka. Wananiita, "Mzee! Mzee, picha!" Sikugeuka.

Sasa niko nyumbani na koleo. Msumari wa kwanza umetoka na injini nzima, ulikuwa umeitoboa katikati. Wa pili naogopa kuugusa.

Mtendaji akituma mtu kuiazima tena, nitampa bati lake.